Kulabu Niliyoifua Mimi

Watu wa Baraka, mji wetu huu wa kando ya ziwa, wana tabia moja iliyonichosha tangu ujana wangu. Ukiwaambia jambo la chuma wewe mwanamke, wanamgeukia mwanamume aliye karibu nawe ili walisikie kutoka kwake. Huyo waliyekuwa wakimgeukia kwangu amekufa zamani, Mungu amrehemu. Kwa hiyo leo mtanisikiliza mimi.

Nianze na chuma chenyewe. Kuna kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu ya mchanga, kikapoa na umbo la shimo ulilolitengeneza. Kuna kukikunja kikiwa baridi, kama mafundi wa bati wanavyokunja mishikio ya ndoo. Na kuna kukitia motoni mpaka kilainike, ukakipiga nyundo, ukakirudisha motoni, ukakipiga tena. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ya nyumba niliyoolewa. Sisemi nyingine ni bure. Chungu cha chuma chenye miguu mitatu huwezi kukifua, utazeeka hujamaliza, kimimine. Gurudumu la kapi nalo limimine, kazi yake ni kukandamizwa na kuzunguka tu. Lakini kitu cha kuvutwa, kitu ambacho roho za watu zinakitegemea kisikatike, usiniletee cha kumimina. Nitakitupa ziwani ukiniangalia.

Mume wangu alikuwa mfuachuma, mtoto wa mfuachuma, wa ukoo wa Babembe ulioshuka kutoka milimani na kusilimu hapa pwani wakati wa babu yake. Kusilimu walisilimu, wakafunga Ramadhani, wakavaa kanzu siku ya Idi, lakini miiko ya chuma waliibakiza yote. Mwanamke aliruhusiwa kuleta makaa na maji. Nyundo asiiguse wala asiiruke. Chuma kilichopigwa na mwanamke, walisema, kinapasuka siku ya kazi, na jembe lake linaua shamba. Mama mkwe wangu aliniambia hayo siku ya saba ya ndoa, akinionyesha fuawe, lile chuma la kufulia juu yake, kwa kidole huku yeye mwenyewe amesimama mbali nalo.

Miaka ile ya hamsini, Mbelgiji akiwa bado anatuhesabu kama mbuzi wake, macho ya mume wangu yakaanza kuingia ukungu. Hakuwa amefika hata miaka arobaini. Moto wa makaa unakula macho, na mfuachuma anafanya kazi kwa rangi: chuma kikiwa chekundu cha giza bado ni kigumu, kikifika rangi ya mawese kinakubali, kikianza kutoa cheche nyeupe umeshakiunguza. Mwanzoni aliniita niwe macho yake. Aliuliza iko rangi gani, nami nikamjibu. Halafu nyundo ikaanza kukosea. Siku moja ilimpiga kwenye kidole gumba, ukucha ukaruka. Akakaa chini akalia, mwanamume mzima, na hakuwa analilia ukucha. Nikamwambia anipe nyundo. Akakataa. Nikamwuliza watoto wake watatu watakula nini. Akanipa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulizungushia uwanja ukuta mrefu wa matete, tukasema ni kwa ajili ya upepo wa ziwa. Yeye akavuta mivukuto ya kupulizia moto akisikiliza mapigo, mimi nikapiga. Majembe yangu ya kwanza yalikuwa aibu. Aliyapapasa kwa vidole, akayatupa chini, akauliza hii ni jembe ao ni chapati. Nilimchukia siku zile, wallahi, nikayarudisha motoni yote. Baada ya miezi mitatu akapapasa moja, akaliweka kwenye fungu la kuuzwa. Kwa misimu miwili ya kulima, kila jembe lililotoka kwetu, likaenda sokoni Baraka, likaenda Lweba, likabebwa mpaka Lulimba, lilikuwa la mkono huu. Watu walimsifu. Wazee waliligonga jembe kwa ukucha, wakasema mkono wake unazidi kuwa mzuri kadiri umri unavyokwenda. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando, nawapa maji ya kunywa.

Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, akiwa hai wala akiwa amekufa. Mwiko haukumtisha sana. Alichoogopa ni kuitwa kipofu.

Homa ilimchukua mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika. Nilikaa eda miezi yangu minne na siku kumi, na zilipoisha wazee wa ukoo walikuwa wameshajipanga mbele ya mlango wangu. Pamoja nao alikuwa shemeji, mdogo wake marehemu, aliyekuwa ametumika miaka sita kwenye machimbo ya dhahabu ya wazungu huko bara. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi na kofia ngumu, na alijua kazi moja aliyofundishwa kule, ya kumimina vyuma. Alisema kufua ni kazi ya mababu, inamchosha mtu bure. Huko machimbo kitu kinamiminwa asubuhi, jioni kinafanya kazi, na vyote vinafanana kama mayai. Angechukua uwanja, mivukuto, fuawe na koleo, ajenge tanuri lake pale. Na angenichukua mimi. Katika maneno yale mimi nilikuja mwisho, baada ya koleo.

Niliwaambia mwalimu wa msikiti mwenyewe amesema mjane harithiwi kama mbuzi. Hawakubisha. Mzee mkubwa wa ukoo alinijibu kwa upole kabisa kwamba niko huru. Nikitaka kwenda kwa baba yangu, niende na nguo zangu. Watoto ni wa ukoo na fuawe ni la ukoo. Loo, upole ule ulinichoma kuliko kofi. Watoto wangu watatu walikuwa nyuma ya pazia wanasikiliza.

Sasa, kulikuwa na kivuko kwenye mto wa njia ya kusini, bac, kama wazungu walivyokiita: jukwaa la mbao juu ya mitumbwi, linavutwa kufuata kamba nene ya chuma iliyokatiza mto. Jukwaa na kamba viliunganishwa na kulabu moja kubwa. Kulabu ya zamani, iliyoletwa na wazungu, ilikuwa imevunjika katikati ya mto, na jukwaa likachukuliwa na maji hadi karibu na ziwa likiwa na watu tisa. Waliokolewa, lakini mbuzi wawili na baiskeli ya mtu vilikwenda. Kapita wa kivuko, yaani msimamizi wake, mtu wetu wa hapahapa, alikuwa ameagiza kulabu mpya kwa mume wangu kabla hajafa. Shemeji akasema hiyo ataimimina yeye.

Nikasema kulabu ya marehemu imeshaanzwa, imebaki kumaliziwa, na nitaileta. Hapo nilidanganya, sijutii. Kilichokuwapo ni kipande tu cha mnyororo mkubwa wa meli ya zamani, alichokinunua akakiweka chini ya kitanda. Nikaomba jambo moja mbele ya wote: kulabu ya nyumba yangu ikishika kuliko ya shemeji, fuawe na watoto wabaki hapa kwangu, mpaka mtoto wa kiume wa marehemu akue. Wazee wakatazamana. Waliona ni heshima kwa maiti, wakakubali. Kapita akasema yeye atazipima zote mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyemeza maji ya mto.

Nilifua Ijumaa mbili, saa za sala, wanaume wote wakiwa msikitini. Nilikuwa peke yangu. Nikavuta mivukuto, nikarukia koleo, nikapiga mara nne au tano, chuma kikapoa, nikarudi kuvuta. Nyundo haijui kunong'ona. Bamama wa jirani walisikia, tena vizuri. Walichofanya ni kuponda sombe yao, majani ya muhogo, kwa nguvu zaidi, vinu vitatu kwa pamoja, hata nikacheka huku jasho linaniingia machoni.

Chuma kile cha mnyororo kina nyuzi ndani yake, kama ganda la mgomba. Ukikata kulabu kutoka kwenye kipande kipana, umezikata nyuzi, na pale ulipozikata ndipo patakapokuangusha. Ukikikunja kikiwa baridi, nyuzi za mgongoni zinachanika na wewe huoni. Lakini ukikipasha mpaka rangi ya mawese, ukakizungusha polepole kwenye pembe ya fuawe, nyuzi zinapinda pamoja nacho, zinazunguka kulabu nzima kutoka shingoni hadi nchani. Mgongo niliuacha mnene, kwa sababu ndipo mzigo unapokaa. Marehemu alinifundisha hivyo kwa kupapasa, akiniwekea kidole changu pale panapotakiwa unene.

Shemeji alimimina ya kwake mchana kweupe ufukweni, kijiji kizima tukitazama. Tanuri alilitengeneza kwa pipa lililopakwa udongo wa kichuguu, akavunjavunja injini mbovu ya lori, akayeyusha. Lilikuwa jambo la kutazamwa, siwezi kumnyima haki yake. Chuma kikatiririka kama uji, watu wakapiga makofi. Lakini chungu chake kilikuwa kidogo na kulabu ilikuwa kubwa. Akamimina mara moja, kikaisha shimo halijajaa. Akarudi kuyeyusha, akaja kumimina juu yake. Wakati huo cha kwanza kilikuwa kimeshafunga ngozi. Huko machimbo, nadhani, chungu kilikuwa kikubwa na mzungu alisimama nyuma yake. Hapa alikuwa na makofi tu. Ilipotoka mchangani ilikuwa na mstari shingoni, mwembamba kama unywele. Akaupiga tupa, akaipaka mawese na masizi, ikang'aa.

Nilimwambia. Msije mkasema nilinyamaza ili aaibike. Nilimwendea mbele ya watu nikamwambia chuma chake kimelala vipande viwili, havikuungana, na atavusha watoto wa watu kwa kitu hicho. Akanijibu kwamba mwanamke anajua sufuria. Watu wakacheka, nami nikaenda zangu.

Siku ya kupima, kapita alisimamisha nguzo mbili na boriti nene kando ya mto. Alining'iniza kulabu ya shemeji, akafunga mapipa matupu chini yake, watu wakawa wanayajaza maji kwa ndoo. Pipa la kwanza likajaa, la pili likajaa. Shemeji alikuwa ameweka mikono kiunoni. Pipa la tatu halikufika nusu. Kulikuwa na mlio mmoja mfupi na mapipa yakawa chini, maji yakatuosha miguu sote. Kulabu ilikatika palepale shingoni, na ndani ya mvunjiko iliachana laini kabisa, sahani juu ya sahani.

Hilo ndilo ninalochukia katika chuma cha kumimina. Hakikuambii kitu. Kinanyamaza, kinanyamaza, kisha kimekuua.

Wakaning'iniza ya kwangu. Pipa la tatu likajaa, la nne likajaa. Kwenye la tano nikaona mdomo wa kulabu unaanza kufunguka, polepole, upana wa kidole, na hapo ukakaa. Watu walirudi nyuma. Kapita alisubiri, akaipapasa, akasema hata iwe imebeba punda na lori, mtu angeona inafunguka, angepiga kelele, angerudi ng'ambo. Akasema hii ndiyo anayoitaka.

Wazee wakafurahi. Mzee mkubwa akainua mikono akamshukuru marehemu, akasema fundi amelala kaburini lakini mkono wake ungali unavusha watu. Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama na watoto wangu, nikafikiri, basi, yamekwisha, nimewapata. Ningenyamaza mpaka leo. Naapa ningenyamaza.

Lakini shemeji si mjinga. Alikuwa ameaibika, akatafuta njia nyingine. Akasema kwa heshima kubwa kwamba kulabu ni ya kaka yake, mkono ni wa ukoo, na yeye anaushukuru. Ila fuawe lisilo na mwanamume litaota kutu. Nani atalipiga mpaka mtoto akue? Afadhali alichukue yeye baba mdogo, na watoto pamoja, awafundishe. Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Nikaviona vichwa vile, kimoja baada ya kingine, vikikubali.

Nilimwomba mume wangu msamaha moyoni, kwa haraka, kisha nikafungua mdomo.

"Hii kulabu ni mi nilifua," nikasema. "Si yeye. Na majembe yenu yote ya misimu hii miwili, ni mi. Yeye alikuwa haone tena. Kama iko mutu hapa mwenye jembe lake lilipasuka, asimame nimuone."

Hakusimama mtu.

Mzee mkubwa aliniuliza kama ninajua ninachokisema. Nikamwambia jembe analolimia yeye mwenyewe lina alama ndogo ya pigo la kando kwenye kikonyo, pale linapoingia mpinini, kwa sababu siku ile mtoto alilia nikakosea, na akitaka tukaliangalie. Hakutaka kwenda kuangalia. Alijifuta mikono kwenye kanzu yake, mara mbili.

Wakashauriana pembeni. Uamuzi wao ulikuwa mfupi: fuawe limechafuka. Mwanamume wa ukoo akiligusa atajitafutia balaa. Nikamtazama shemeji, mtu wa machimbo, mwenye viatu vya ngozi, aliyesema mambo ya mababu yanachosha. Alikuwa amerudi nyuma hatua tatu. Kuhusu kunichukua mimi hakukuwa na haja ya kuuliza tena. Kuhusu watoto, hakuna aliyetaka kulisha watoto waliolelewa kwenye uwanja ule. Kwa hiyo niliachiwa vyote kama mtu anavyoachiwa chakula kilichodondokewa na mjusi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kapita aliniletea kulabu jioni ileile niurudishe mdomo wake uliofunguka. Niliubomoa ukuta wa matete kwanza, ndipo nikawasha moto.

Kesho yake wanaume wakaanza kurudisha majembe. Hawakuongea nami. Walipita, wakatupa, wakaenda. Yaliyotupwa yakawa fungu, fungu likafika magotini, mengine yakiwa bado na udongo wa shamba la muhogo. Sitawaongopea, niliumia. Kila nililoliona nililijua lilifuliwa siku gani. Nilikaa ndani siku mbili, nikawaza kwamba nimemvua nguo mume wangu mbele ya watu, na nilichopata ni vyuma vya kukwaa vidole.

Halafu mvua ikanyesha. Mvua ya kwanza ya kupandia, nzito, usiku na mchana. Na mvua ya huku kwetu Fizi haingoji mtu amalize kukasirika.

Alfajiri ya kwanza nikasikia mikwaruzo uani. Walikuwa bamama wanne, wake za walewale, wameingia kwa nyuma, wanatafuta majembe yao kwa kupapasa. Nikatoka nikawaambia wayaweke chini. Wakanisihi, dada, mvua hii itapita. Nikawaambia jembe halikuibwa, kwa hiyo halichukuliwi kama la wizi. Atakayelitaka apitie mbele, saa za jua, wanaume wakiwa wamekaa barazani. Walinitukana kidogo. Mmoja alilia. Niliona huruma, na sikubadilika.

Siku ya tatu saa nne za asubuhi wakaja wote kwa pamoja, zaidi ya ishirini, kwa njia kubwa, wameshikana kanga. Wanaume barazani wakawatazama, wakatazama ardhi. Kila mama alichambua lake, akaniambia asante, fundi, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Sikuwa nimewafundisha neno hilo. Mpaka adhuhuri fungu lilikuwa limekwisha.

Mama mkwe wangu alikuja mwisho, wakati wengine wameshaondoka. Hakuwa na jembe la kutafuta. Alikuwa nalo mkononi, limekatika ncha, la mumewe aliyekufa zamani, lililofuliwa kabla mimi sijazaliwa. Alisimama pale alipozoea kusimama, mbali na fuawe. Alikuwa amekonda tangu msiba.

"Mutoto wangu alikuwa kipofu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Alikuwa na mi."

Nikadhani atanilaani, nikajiandaa kwa hilo. Akaja mpaka kwenye fuawe, akaliweka jembe lake juu yake, akavuta kigoda akakaa karibu kiasi cha cheche kumfikia.

"Basi piga," akasema. "Nione venye alikuwa anakusikia."